Picha inayokuomba PIN si picha

Kuna ushauri unaozunguka sana kwenye magrupu: usifungue picha yoyote kutoka kwa mtu usiyemjua. Sisi hatuukubali. Kenya hii biashara inaendeshwa na picha, iwe ni sofa inayouzwa, risiti ama kadi ya harusi. Ukimwambia muuzaji asifungue picha za wateja wapya, umemwambia afunge duka. Afadhali ajue picha gani inabeba nini.

Faili inayoishia na JPG au PNG huwa ni rangi pamoja na maelezo kidogo. Ukiifungua, simu inazichora hizo rangi, basi. Ila kuna aina nyingine, SVG, ambayo wachoraji wa nembo wanaipenda kwa sababu ukiikuza hata itoshe ukuta haipotezi ubora. SVG ni maandishi yanayoiambia kompyuta ichore nini, na ndani ya maandishi hayo mtu anaweza kutia ukurasa mzima wa tovuti pamoja na amri zake. Ikiwekwa kwenye tovuti kama picha ya kawaida, kivinjari huzizuia hizo amri. Ukiifungua yenyewe, moja kwa moja, kivinjari kinaichukulia kama ukurasa.

Hapo ndipo tapeli anapoingilia. Barua pepe inakuja ikisema ni ankara yako, na kiambatisho kinaishia na SVG. Unakifungua pale saiba, unaona nembo unayoijua na visanduku viwili: namba ya simu na PIN. Kwa kuwa hujabonyeza linki yoyote, unajiona uko salama. Hebu tazama juu kwenye anwani: mara nyingi utaona njia ya faili iliyo ndani ya kompyuta hiyo hiyo, wala si anwani ya tovuti. PIN yako unaiweka kwenye menyu ya laini yako au kwenye app rasmi. Hakuna ankara inayoihitaji ndipo isomeke.

Hata JPG ina siri zake, ingawa hizi ni zako mwenyewe. Kamera ya simu huandika ndani ya faili tarehe, saa, aina ya simu na, kama umeiruhusu, mahali ulipo. Mwaka 2012 John McAfee, yule wa programu za kuzuia virusi, alikuwa mafichoni. Jarida la Vice likachapisha picha yake ambayo maelezo yake yalionyesha yuko Guatemala. Wewe hutafutwi na polisi, lakini ukipiga picha ya televisheni unayouza, umepiga pia ramani ya nyumba ilipo. WhatsApp huyaondoa maelezo hayo ukituma kama picha. Ukituma kama dokyumenti, yanaenda yote. Zima ruhusa ya mahali kwenye kamera na uendelee na biashara.

Wauzaji wengine wameshajua haya na sasa wanakagua tarehe iliyo ndani ya skrinshoti ya malipo. Tunawaelewa, lakini wanapoteza muda. Maelezo hayo yanabadilishwa kwa programu za bure, kama vile kiasi cha pesa kinavyobadilishwa kwenye picha yenyewe. Angalia salio lako ama taarifa ya akaunti, hata kama mteja amesimama hapo akilalamika kwamba amechelewa.

Na kama umeshaandika PIN kwenye ukurasa wa aina hiyo, usianze kwa kumjibu aliyekutumia wala kufuta faili. Badilisha PIN kwanza, hapo hapo. Kisha tupigie kwa namba ya huduma kwa wateja unayoijua, si ile iliyoandikwa ndani ya picha, na ile faili uiache ilivyo tuweze kuiona.