Jina la Mwizi

Kwa Wadigo wa zamani, mjomba alikuwa mtu mzito. Mali yake ilirithiwa na watoto wa dada yake, na makosa ya watoto hao nayo yalimfikia mlangoni. Urithi wa namna hiyo umepungua sana, lakini makosa yangali yanatufikia. Ndiyo sababu dada yangu wa Msambweni aliponipigia simu majuzi, hata hali hakunijulia.

"Njoo umwone mpwa wako. Ananiibia."

Dada huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Chenji huiweka katika mkebe juu ya kabati, na mkebe ulikuwa ukipungua: leo shilingi 50, keshokutwa 100. Kijana, mwenye umri wa miaka 13, alikuwa akinunua betri. Ami yake aliye Muscat alimletea Game Boy, kile kimashine cha zamani cha Nintendo kinachokula betri ndogo nne. Na kinakula kwelikweli!

Nilipofika sikumgombeza. Nilimwambia anionyeshe huo mchezo wenyewe. Ni Link's Awakening, uliotoka mwaka wa 1993, wenye shujaa mwenye upanga na kisiwa cha ajabu. Kisiwani mna duka, na dukani mna upinde wa rupii 980, bei ya kumtoa mtu jasho. Muuza duka hakubandui macho. Lakini ukimzunguka mpaka akupe kisogo, unaweza kutoka na upinde bila kulipa.

Mpwa wangu alifanya hivyo. Tangu siku hiyo, kila mkazi wa kisiwa humwita Mwizi. Jina lake aliloandika mwanzoni limefutika. Aliporudi dukani, muuza duka alimpiga kwa nguvu kama za radi, akafa papo hapo. Alipoanza tena pale alipokomea, alikuwa angali Mwizi.

"Mjomba, nimejaribu kila kitu," aliniambia. "Jina langu halirudi."

Wanafunzi wa Ukunda wanaocheza Skyrim, wa mwaka wa 2011, watacheka. Huko ukionekana ukiiba, kichwa chako hutiwa bei na askari hukujia. Ukilipa faini, mali ya wizi huchukuliwa nawe waenda zako. Ukichagua kifungo, unalala kitandani gerezani na kuamka huru, ingawa ustadi uliokuwa ukijifunza huweza kurudi nyuma kidogo. Basi, deni limekwisha.

Mimi, nikiulizwa, napendelea askari wa Skyrim kuliko wakazi wa kile kisiwa. Msomaji asinielewe vibaya: shilingi za mahamri ni shilingi za mahamri, na dada huamka saa tisa usiku kuzitafuta. Lakini siku alipogundua, alimwita mwanawe mwizi mbele ya wateja waliokuwa wakingoja mbaazi. Haikupita wiki, jirani akapoteza pampu ya baiskeli. Alikuja moja kwa moja kwa dada, hakupitia nyumba nyingine yoyote. Pampu ilikuwa imeazimwa na shemeji yake. Hakuna aliyerudi kuomba radhi.

Hilo ndilo nililomwambia dada, jioni, kijana akiwa msikitini. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba mwenye kuibiwa naye ana haki ya kupiga kelele. Sikuwa na jibu.

Tulihesabu pamoja: shilingi 850. Kijana anazilipa kwa kukuna nazi kila alfajiri kabla ya shule, na dada humwandikia shilingi 50 kwa siku kwenye daftari. Kimashine kimefungiwa kabatini. Mkebe nao umerudi juu ya kabati lile lile, kwa ombi langu. Dada huuhesabu kila usiku, lakini siku hizi hufunga mlango kwanza.