Unayeuza rekoda, tazama tundu la tano

Shule zinapokaribia kufunguliwa, mfanyabiashara wa mpakani hujua cha kupakia: madaftari, sare, viatu vyeusi, vyombo vya hesabu. Kuna bidhaa moja ndogo imejiunga na orodha hiyo. Tangu kundi la kwanza la mtaala wa umilisi nchini Kenya lilipoingia Gredi ya 4 mwaka 2020, mzazi anaweza kutumwa kununua filimbi ya plastiki ambayo walimu huiita rekoda. Wengi wetu tunaiuza kama tunavyouza vikombe, bora isiwe imepasuka. Hapo ndipo tunapomkosea mteja.

Rekoda si mdoli. Hata forodha inalijua hilo: ala za kupuliza zimewekwa katika fungu la 9205, vitu vya kuchezea vipo 9503. Ile ya shule ina urefu wa takriban sentimita 33, matundu saba mbele na moja nyuma la kidole gumba. Mtoto huweka mkono wa kushoto juu na wa kulia chini. Masomo yake ya kwanza ni noti tatu. Akiziba tundu la nyuma kwa gumba na la kwanza kwa kidole cha shahada, anapata B. Akiongeza kidole cha kati, A. Akiongeza cha pete, G. Hupuliza polepole kama anayepoza chai, na ulimi huanzisha kila noti kwa kutamka "tu". Mtu mzima anaweza kujifunza noti hizi akisubiri lori lipite mizani.

Basi muuzaji azijifunze. Atatambua papo hapo rekoda inayotoa noti safi na ile inayopiga mluzi tu. Filimbi ya kuchezea yenye rangi za kuvutia haiwezi kukubaliana sauti na nyingine 40 darasani, hata mtoto angekuwa na kipaji namna gani.

Lakini noti tatu hazimalizi kazi. Rekoda za shule zipo za aina mbili, ya Baroque na ya Kijerumani. Hii ya pili ilianza Ujerumani miaka ya 1920, na mtu anayetajwa nayo ni Peter Harlan. Nia ilikuwa njema, kurahisisha noti ya F kwa anayeanza: vidole vinafuatana bila kuruka. Gharama yake ni kwamba F ya kupandishwa na baadhi ya noti nyingine ni vigumu kuzitoa sawasawa.

Sasa angalia mtego. B, A na G hupigwa kwa vidole vilevile katika aina zote mbili. Mzazi ananunua, mtoto anapiga noti zake, kila mtu anafurahi. Wiki zinapita, mwalimu anafika F. Nusu ya darasa wana aina moja, nusu nyingine. Wote wanafuata mchoro mmoja wa vidole ubaoni, na sauti zinagongana. Mtoto anaambiwa hana sikio, kumbe vidole vyake havina kosa. Mzazi akirudi sokoni anajibiwa kuwa filimbi imeshatumika na hairudishwi. Mama anayeuza mboga ananunua mara ya pili kitu alichokwisha kukilipia, au mtoto anaacha.

Kuzitofautisha hakuhitaji shahada ya muziki. Hesabu matundu ya mbele kuanzia mdomoni. Kama la nne ni kubwa na la tano ni dogo, hiyo ni ya Kijerumani. Kama la nne ndilo dogo, ni ya Baroque. Nyingine zina herufi G au B nyuma, ila usitegemee herufi pekee, nyingi hazina.

Kuna watakaosema mteja wa mpakani anatafuta bei, hana habari na matundu. Ni kweli anatafuta bei, kwa kuwa hajaambiwa kitu kingine. Dobi hachanganyi nguo nyeupe na za rangi kwa kuwa mteja hakuuliza. Weka mafungu mawili mezani, na swali lako la kwanza kwa mzazi liwe: mwalimu amesema ipi? Kama hajui, mwambie aulize kabla ya kulipa. Utapoteza mauzo ya siku moja na kupata mteja wa miaka mitatu, pamoja na majirani zake.

Shule nazo zina sehemu yao. Orodha inayoandika "rekoda" tu ni sawa na kuandika "kitabu" bila jina. Neno moja la ziada, Baroque au Kijerumani, lingewaokoa wazazi wote wa darasa.

Mengine mawili ni ya kwetu. La kwanza ni usafi. Mezani filimbi moja hupitia midomo ya watu kumi kisha ikauzwa kama mpya. Tenga moja ya kuonyeshea, ioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, na zilizobaki zisipulizwe. La pili ni makaratasi. Cheti kile rahisi cha uasili, cha mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Rekoda iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kuwa imenunuliwa Kariakoo au Kampala. Itangaze kama ilivyo, ulipe kinachodaiwa, ubaki na stakabadhi.

Ukanda huu haukusubiri plastiki ili upulize. Wadigo wana chivoti, Waganda wana endere, Rwanda wana umwirongi. Mafundi wa ala hizo hawakumkabidhi mtu filimbi kabla ya kuisikiliza. Sisi tunaozivusha kwa katoni tusiwe wa kwanza kuuza sauti tusiyoijua. Kabla ya kufunga mzigo wa muhula ujao, toa moja, utazame tundu la tano.