UKIRANJA SI UKOO

Muhula huu yamezuka mabishano katika Chama cha Kompyuta cha shule yetu, nayo yametugawa pande mbili. Upande mmoja wasema ya kuwa mti wa klasi ni chombo cha kale, yafaa tuuache. Upande wa pili wasema ya kuwa programu isiyo na mti ni fujo tupu. Mimi naona pande zote mbili zimekosea. Na kwa kuwa kosa lililoanzisha mabishano hayo nililifanya mimi, naomba nafasi katika gazeti letu nieleze.

Kwanza nieleze mti huo ni nini, kwa ajili ya wazazi na wale wasioingia chumba cha kompyuta. Klasi hapa si darasa la kusomea. Ni maelezo ya aina ya kitu: kina sifa gani, na chaweza kutenda nini. Klasi moja yaweza kurithi nyingine. Mathalani, katika programu ya maktaba yetu iko klasi iitwayo Chapisho, yenye jina, namba ya rafu na mwaka wa kupigwa chapa. Chini yake ziko Kitabu, Gazeti na Ramani. Hizo zarithi sifa zote za Chapisho bila kuandikwa upya, kisha kila moja yaongeza yake: Gazeti laongeza tarehe, Ramani yaongeza skeli. Ukizichora, wapata mti wenye shina juu na matawi chini, kama ule mbuyu ambao wazee husimulia ya kuwa ulipandwa kichwa chini. Tulipotaka kubadili namna ya kuandika namba za rafu, tulibadili mahali pamoja tu, penye Chapisho, na matawi yote yakafuata. Hiyo ndiyo faida yake.

Jambo hili si geni. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wataalamu wawili wa Norwe, walilitia katika lugha ya Simula 67 huko Oslo, nao wakatunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Lugha ya Java, tunayoitumia sisi, ilitolewa mwaka 1995. Katika Java, klasi yo yote, hata ile uliyoiandika jana, ukifuata ukoo wake kwenda juu utafika kwa klasi iitwayo Object. Na kila klasi iliyo chini ya Object ina mzazi mmoja tu.

Sasa nije kwenye kosa langu. Muhula uliopita tulipewa kazi ya kuandika programu ya orodha ya bwalo, ili mpishi ajue ni wangapi watakula. Nilichora mti daftarini mwangu. Juu niliweka Mtu, na chini yake Mwalimu na Mwanafunzi. Chini ya Mwanafunzi nikaweka Mwanafunzi wa Bweni na Mwanafunzi wa Kutwa, na chini ya Mwanafunzi wa Bweni nikaweka Kiranja. Nilijipima kwa kanuni tuliyofundishwa: ukiweza kusema "hiki ni kile", rithi, ukisema "hiki kina kile", usirithi. Gari ni chombo cha kusafiria, kwa hiyo larithi. Gari lina injini, kwa hiyo halirithi injini. Kiranja ni mwanafunzi. Nikaona nimeshinda.

Katikati ya muhula kiranja mmoja akaacha cheo. Katika Java kitu kikishaumbwa katika klasi yake hakihamii nyingine. Ilitubidi tumfute yule kiranja na kumwumba upya kuwa mwanafunzi wa kawaida. Kumfuta tulimfuta, kumwandika upya tukasahau. Jioni ile akasimama mlangoni mwa bwalo na sahani mkononi, na jina lake halimo. Mpishi alimpa chakula, maana mpishi ana macho, lakini mwenzetu aliona haya mbele ya bwalo zima, na baadhi ya watu wakadhani amefukuzwa shule. Mimi nilikuwa mezani nakula.

Kesho yake niliuchora mti ule ubaoni nitafute kosa. Mpishi mkuu alikuja kulalamika, akautazama mchoro kitambo kidogo, kisha akauliza, "Na yule kiranja wa wanafunzi wa kutwa, mbona hayumo?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemweka Kiranja katika tawi la bweni, na tawi moja haliwezi kuota katika matawi mawili. Akaongeza, "Na wa kutwa akihamia bwenini je?" Hapo nikafahamu.

Basi naona ya kuwa swali la "ni" peke yake halitoshi. Yafaa tuulize na la pili: atakuwa hivyo mpaka lini? Kitabu hakiamki asubuhi kikawa ramani. Lakini kiranja huvuliwa cheo, na mwanafunzi wa kutwa huhamia bwenini. Ukiranja si ukoo, ni kofia. Kofia huvaliwa na kuvuliwa, na aliyeivaa akabaki yule yule. Kwa hiyo tumeupunguza mti. Sasa Mwanafunzi ni klasi moja, naye ana Cheo na ana Makazi, vitu viwili vya pembeni ambavyo hubadilishwa pasipo kumfuta mwenyewe.

Wenzangu wanaotaka tuuache mti watasema, "Si tuliwaambia?" Hoja wanayo. Mwaka 1994 waandishi wanne wa kitabu cha Design Patterns walishauri tupendelee kuunganisha vitu kuliko kurithi, na lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, haina urithi wa klasi kabisa. Lakini mti wa maktaba haujatusumbua hata siku moja. Tena nawauliza: ni kitu gani kilichofichua kosa langu? Ni mti wenyewe. Sisi wanachama tulizisoma kurasa za programu ile mara nyingi tusione neno. Mpishi, asiyejua Java, aliona kosa kwa kuutazama mchoro. Katika kazi yetu yote, mchoro wa mti ndio ukurasa ambao mtu wa nje aweza kuusoma na kutusahihisha.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. La kwanza, mtu asiandike klasi hata moja kabla ya kuchora mti wake ubaoni, na kila tawi liulizwe maswali yote mawili. La pili, mchoro uonyeshwe wenye kazi, yaani mpishi, matroni na mtunza maktaba, kabla ya programu kuandikwa, si baada ya mtu kukosa jina. Wako watakaosema huko ni kupoteza wakati. Mimi nasema nusu saa ya ubaoni ni afadhali kuliko jioni moja ya mwenzetu pale mlangoni.

Sisi wa Kidato cha Nne twaondoka mwaka huu, na programu hizi zitarithiwa na wadogo zetu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nasi mti wetu tuunyoshe ungali chaki, maana chaki yafutika kwa kiganja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne