"Jikaze" Si Dawa ya Nyonga

Katika viwanja vya shule zetu, kuanzia Kithyoko hadi Machakos mjini, mwanariadha anayechechemea huambiwa neno moja: "Jikaze!" Mimi nifundishaye isimu naliona neno hili limepewa kazi ya daktari.

Tumtazame Andy Murray, mchezaji tenisi wa Uingereza, aliyepasuliwa nyonga jijini London mnamo Januari 2019. Katika upasuaji huo kichwa cha mfupa wa paja hakikatwi. Huchongwa na kuvikwa kofia ya chuma, na tundu lake likatiwa kikombe cha chuma. Shingo ya mfupa huo yaweza kuvunjika ikilemewa mapema. Kwa hiyo majuma ya kwanza huwa ya magongo na mazoezi mepesi, hata maumivu yakiwa yametulia. Murray alirejea mashindanoni mwezi Juni, tena kwa mchezo wa wawili wawili. Oktoba akatwaa ubingwa wa Antwerp akicheza peke yake.

Huku kwetu Ukambani, Patrick Makau, aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2011 kwa saa 2:03:38, aliacha mbio mwaka 2018 kwa sababu ya goti. Mwili wa bingwa nao una mpaka.

Walimu wenzangu, mtoto akichechemea, apelekwe zahanati kwanza, mashindano yangoje. Nanyi wanafunzi, semeni mapema mnapoumia. Kujikaza kuna mahali pake: katika kuvumilia siku za kungoja mfupa upone.