Paipu ya breki? Badilisha mwenyewe bana

Wasee, kuna kitu inaniudhi. Mtu anafungua simu yote abadilishe skrini akiangalia video, lakini mwambie abadilishe paipu ya mpira ya breki kwa pikapu ya babake, anaruka: "Breki si mchezo, peleka kwa fundi!"

Kweli si mchezo. Ndio maana nataka kuona kazi na macho yangu.

Hilux yetu ni mzee kuniliko. Paipu ya mbele kushoto ilikuwa imepasuka-pasuka kama kisigino cha kiangazi, na ukikanyaga breki unaiona ikifura. Fundi mmoja akataka kuifunga na mpira wa tyubu na waya, eti itasukuma hadi mwisho wa mwezi. Gari ya kubeba kabeji, ishuke nayo Mai Mahiu! Presha ya mle ndani ukikanyaga ni mara nyingi ya ile ya tairi. Waya itashika nini? Na zingine zinaozea ndani, nje ziko fiti: mafuta yanaenda hayarudi, breki inang'ang'ania, rimu inachemka, gari inavuta upande mmoja.

Kazi yenyewe haina uchawi. Zuia magurudumu, piga jeki, weka stendi (jeki peke yake usiiamini). Tafuta spana inayokumbatia nati karibu yote, juu ile ya kawaida itaikula kona na hapo ndio utalia. Washa za shaba ziwe mpya. Mafuta ni ya aina iliyoandikwa kwa kifuniko, na usiyamwage kwa rangi ya gari. Kisha zungusha usukani mwisho hadi mwisho uone paipu haijipindi wala kugusa tairi.

Kutoa hewa ndiko kunataka subira. Sista yangu anakanyaga na kushikilia, nafungua, nafunga, ndio anaachilia. Tena na tena, kopo la mafuta lisikauke. Alilalamikia mguu wake wiki nzima.

Kama nati imekataa, paipu ya chuma imeoza, ama pedali bado ni laini, usiendeshe. Ita fundi aje hapo, si aibu. Lakini simama hapo uone anachoweka, kama ni mpya ama ameitoa kwa gari iliyokufa.

Yule wa waya bado ako pale stage, anafungia wengine.