Kopje, Jabali na Kijabali

Majuma machache yaliyopita, mshairi chipukizi alinionyesha utungo wake kuhusu Serengeti. Vina vilikuwa vimetulia na mizani imetimia, isipokuwa katika mshororo mmoja uliokwama kwenye neno "kopje". Nilipomuuliza sababu, alinijibu: "Mwalimu, Kiswahili hakina neno lake." Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Kopje, katika Kiingereza, ni kilima kidogo cha mawe kinachochomoza peke yake katikati ya mbuga. Waingereza walilichukua neno hili kwa Makaburu wa Afrika Kusini, nao walilirithi kutoka Kiholanzi. "Kop" ni kichwa. "-Je" ni kiambishi cha udogo, kinachokaa mwishoni kama "ki-" yetu inavyokaa mwanzoni. Kopje, basi, ni kichwa kidogo. Wapenzi wa kandanda wanaifahamu familia ya neno hili bila kujua: jukwaa la Kop katika uwanja wa Anfield lilipewa jina hilo mwaka 1906 kwa kumbukumbu ya Spion Kop, kilima walichopigania Waingereza na Makaburu Januari 1900.

Huku kwetu neno limeota mizizi katika ramani za Serengeti: Simba Kopjes, Moru Kopjes, Gol Kopjes. Hayo ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, yaliyobaki wazi baada ya udongo wa juu kumomonyoka. Wanajiolojia nao wana "inselberg", yaani mlima-kisiwa, neno la Kijerumani alilolitumia Wilhelm Bornhardt katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu sura ya nchi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mawe ni yetu, lakini tunayataja kwa ndimi za wageni.

Sisemi kwamba kukopa ni kosa. Jabali lenyewe tumelitoa Uarabuni, na leo hakuna anayelidai. Kukopa si aibu. Aibu ni kwenda kuomba chumvi kwa jirani ilhali kibuyu chako kimejaa. Mtazame mnyama anayeishi juu ya mawe hayo. Kiingereza humwita "klipspringer", neno jingine la Makaburu. Sisi tunamwita mbuzi mawe, na hatukumwomba mtu ruhusa. Iweje lugha iliyompa jina mbuzi ishindwe kuyapa jina makazi yake?

Ghala letu si tupu. Tuna mwamba, ambao kwa mtu wa pwani ni pia ule uliojificha majini ukivizia vyombo. Tuna genge, penye mteremko mkali wa kumwangusha mtu. Tuna jabali, jiwe kubwa lililosimama kwa haiba yake. Kwa maoni yangu, kopje ni kijabali, na wingi wake ni vijabali. Atakayesema kwamba jabali ni kubwa mno kupunguzwa, na akumbuke kuwa Waholanzi walifanya vivyo hivyo kwa kichwa. Atakayesema kwamba watalii watapotea, nitamjibu kwamba ramani na zibaki na majina yake. Shairi si ramani.

Kwa mtunzi, hili si suala la uzalendo pekee. "Kopje" likitamkwa husikika "kopi", na msikilizaji atafikiria nakala za karatasi kabla ya kumwona simba aliyejilaza juu ya jiwe. Kijabali kina mizani minne, nusu kamili ya kipande cha mizani minane, na kinakuja na kina cha "li" ambacho hakimsumbui mtunzi yeyote.

Hayo yote nilimweleza yule kijana, pamoja na ile asili ya kichwa. Alinisikiliza kwa adabu, akaondoka na daftari lake bila kuahidi kitu. Juzi alirudi. Kopje limeondoka, na kijabali hakimo. Ameandika "vichwa vya mawe", na simba wake sasa wanalala utosini. Sikumpendekezea neno hilo, nami nakiri kwamba limelishinda langu.