Cache-nez ya kitambaa haikamate vumbi ya jiwe

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye kubaki ku nyumba,

Mwenye kurudi kutoka Manguredjipa ao Mambasa anabeba kitu kimoja chenye hakipimwe ku mizani: vumbi. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, tulijifunza kama mikono inaleta ugonjwa. Nguo ya kazi pia inauleta.

Jiwe ya zahabu mara mingi iko na quartz. Ukiitwanga kavu, inatoa unga. Ile ya kubwa inabaki mu pua. Ile ya kidogo kabisa, yenye macho hayaone, inafika ndani ya mapafu na haitoke tena. Ugonjwa wake unaitwa silicose. Hauna dawa ya kuuponyesha, na unafungulia kifua kikuu mulango.

Wengi wanafunga leso, ao cache-nez ya bluu ya farmasi. Mimi nasema: ni kujidanganya. Ile ya farmasi ilitengenezwa juu ya mate, si juu ya unga ya jiwe, na hewa inapita pembeni. Ukinunua, soma maandishi: FFP2 inakamata angalau 94 kwa 100, FFP3 angalau 99. Ikamate uso vizuri. Ndevu zinaachia vumbi njia. Ukianza kuvuta hewa kwa nguvu, uitupe. Usiifue.

Lakini cache-nez ni ya mwisho, si ya kwanza. Ya kwanza ni maji: lowanisha jiwe mbele ya kutwanga. Maji tunayatoa mu mashimo na pompe kila siku, tunayamwanga bure! Ya pili: vua nguo ya kazi inje, na mama asiikung'ute; ailoweshe kwanza.

Na baridi ya Butembo usiku? Tunaingiza mbabula ya makala mu chumba, tunafunga dirisha, watoto wanalala. Hapo hakuna cache-nez itakusaidia. Gazi ya makala inapita mu zote, haina harufu, na inaua mutu mu usingizi. Mbabula ibaki inje.

Mutatuambia kama FFP2 ni bei. Ni kweli, kwa muchimbaji. Basi naongea na PDG wa shimo: unalipa pompe, mazutu na chakula mbele hata gramu moja haijatoka. Weka cache-nez mu ile hesabu. Muchimbaji mwenye kukosa pumzi hatakulipa deni, na watoto wake hawatamupata tena.